Ordinatere ya Chama na Mistari Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malemba-Nkulu)

Mmeuliza: ordinatere ya chama iko na mistari kwenye kioo na inajizima yenyewe, je, michango yetu imepotea? Hapana. Majina na deni za kila mtu ziko kwenye diski. Kinachougua ni chipu ya picha, ile inayochora kila kitu tunachoona.

Tulijuaje? Tuliiunganisha na televizyo, na mistari ile ile ikatokea huko pia. Basi kioo hakina kosa. Tena inatokea mara tu mashini inapowaka, mbele programu hazijafunguka, kwa hiyo siyo virusi, hata kama vijana wetu waliapa ni virusi.

Kuna wenye kusema: ipashwe moto, itapona. Kweli, inaweza kuwaka siku chache. Lakini chipu inashikishwa na vitone vidogo sana vya madini. Kila ikipata joto na kupoa, vinachoka, vinapasuka. Moto unavigusanisha tu. Siyo mambo ya kwetu peke yetu: mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitenga dola milioni 196 kwa ajili ya chipu zenye ugonjwa wa namna hiyo. Chipu mpya njo dawa, na vyombo vya kuibadilisha hapa hatuna.

Diski tumeitoa, tumeinakili mara mbili. Wafadhili, msitume pesa za kutengeneza. Tunaomba ordinatere nyingine, hata ya zamani, isiyo na chipu ya picha ya pekee. Inakula umeme kidogo, na umeme wetu ni wa jua.