Keti Kwanza, Upige Hesabu



Katika Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka C (Lk 14:25-33), Bwana wetu anatupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara: yampasa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Bwana anasema juu ya gharama ya kumfuata, nasi tusiupunguze wito huo ukawa somo la fedha. Hata hivyo, mfano wenyewe aliuchukua katika maisha ya watu, nao hapa kwetu Tarakea unatuhusu sana.

Mama auzaye maharage sokoni amepungukiwa mtaji. Anapewa mkopo wa shilingi 100,000 bila maswali mengi. Baada ya mwezi arudishe 130,000. Watu wanauita mkopo huo “kausha damu”, na jina hilo halikukosewa. Mwezi unakwisha, fedha haijatimia. Mkopeshaji anamwambia kwa upole: lipa 30,000 tu, deni tulisogeze mbele. Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu. Mama huyu si mvivu wala mlevi. Hakuna aliyemwonyesha hesabu, basi.

Haitoshi kuikemea riba mimbarini. Wewe katekista, weka punje kumi za maharage mezani mbele ya jumuiya. Kila punje ni shilingi 10,000. Hizo kumi ndizo deni. Kisha toa punje tatu katika debe la mama kwa mwezi wa kwanza, tatu kwa mwezi wa pili, hata mwezi wa 12. Zimetoka punje 36, yaani shilingi 360,000, na zile kumi ziko palepale, hazijaguswa. Hata bibi asiyejua kusoma ataona. Neno “asilimia” laweza kungoja.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni shilingi 3,500. Kwa mwaka mzima, 42,000. Hazifiki punje tano.

Wala tusidanganywe na maneno yenye harufu ya ubani. Wengi wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu walialikwa “kupanda mbegu” na “kuvuna”. Kumbe mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata.

Wiki hii, baada ya sala ya jumuiya, mwenye karatasi ya mkopo ambayo hajaitia sahihi ailete, wala asione haya. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha sokoni. Nitarudisha jumla ya shilingi ngapi? Nikichelewa, itakuwaje? Dhamana ni nini? Na kama iliyoandikwa ni kihamba, basi mke, mume na watoto wakubwa waitwe waisikie kabla kalamu haijashikwa.