CHAKULA CHA MAMA MJA MZITO NI JAMBO LA CHAMA

(Hotuba ya Kamati ya Akina Mama mbele ya wanachama wa mashamba ya chai)



Leo hatukusimama kusema habari za nyongeza ya mshahara. Twataka kusema juu ya dada zetu waja wazito, ambao huingia shambani pamoja nasi alfajiri na kapu mgongoni.

Sisi wachuma majani hulipwa kwa kilo. Kwa hivyo wengi wetu tukiwa na mimba huificha, hunywa kikombe cha chai asubuhi, na hukaa mpaka mchana bila kutia kitu kingine kinywani. Twaogopa kwamba tukisimama kula, kilo zitapungua. Ndugu, hesabu hiyo ni ya hasara. Mtoto aliye tumboni hujengwa kwa damu ya mamaye. Mama akipungukiwa na damu huchoka na kuona kizunguzungu, na akitokwa na damu siku ya kujifungua, maisha yake yamo hatarini. Mtoto naye aweza kuzaliwa kabla ya wakati, au mdogo mno.

Chakula kinachofaa si lazima kiwe cha gharama. Managu, terere, kunde, maharagwe, ndengu, omena, mayai, na nyama ikipatikana, vyote huleta damu au nguvu. Uji wa wimbi wenye maziwa ni mzuri kubeba shambani. Chungwa au pera likiliwa pamoja na mboga, mwili hupokea vizuri madini ya chuma yaliyo ndani ya mboga hizo. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo. Hatusemi chai iachwe, maana ndiyo riziki yetu. Twasema inywewe saa moja au mbili baada ya kula.

Odowa, yale mawe yauzwayo sokoni, si chakula. Ukiona hamu yake, mwambie mkunga, kwani yaweza kuwa alama ya upungufu wa damu. Tena usinywe dawa ya miti shamba kabla ya kumwuliza.

Hata mwenye kula vizuri ahitaji vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki. Vikifanya choo kuwa cheusi, usiogope. Wala usivimeze kwa chai. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Lakini ukitokwa na damu au maji, ukiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukishikwa na homa, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa ile ile.

Nanyi waume, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Kuchota maji na kubeba kuni ni kazi ambayo mikono yenu yaiweza. Na nyama ikipikwa, mama asiwe wa mwisho kupakuliwa.

Sasa sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara wote, wala likizo yake ya mwaka haipotei. Ampe tajiri habari kwa maandishi siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka. Sheria hiyo hiyo yasema mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Basi mwenye mimba hana haja ya kujificha. Akijificha, hata chama hakiwezi kumsaidia.

Twawaomba wajumbe wa chama katika kila shamba wamwendee msimamizi na mambo manne: mja mzito apewe nafasi ya kunywa uji kabla ya mchana, asibebeshwe kapu zito wala kupangiwa miteremko, asiwekwe karibu na dawa zinyunyizwazo, na siku ya kliniki asihesabiwe kuwa mtoro. Akikataliwa, habari iletwe ofisini na jina la shamba na tarehe, nasi tutaifuata.

Tunaomba mshahara ili watoto wetu waishi vizuri. Basi tuanze kuwalinda wangali tumboni.