UWANJA WENYE PAA: MSIMAMO WA TAWI LETU

(Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi. Yanatumwa kwa wanachama wote.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe na wanachama,

Vijana wetu wameuliza: Kigali wana ukumbi mkubwa wa michezo na muziki, sisi majirani zao hapa Karagwe tutapata lini? Swali ni halali, na tunalijibu.

Ukumbi ule, BK Arena, ulifunguliwa Agosti 2019 ukiwa na viti 10,000. Leo unachezewa kikapu, kesho ni jukwaa la muziki. Mwaka 2021 ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianzia palepale.

Lakini tuangalie na upande wa pili wa daftari. Kuujenga kulichukua takriban miezi 6. Kuutunza hakuna mwisho. Taa, usafi na ulinzi hulipiwa hata siku isiyo na mchezo. Ndiyo maana kumbi za aina hiyo hutafuta mapato nje ya tiketi: mwaka 2022 BK Group iliingia mkataba wa miaka 6 ili ukumbi ubebe jina lake.

Nyabiyonza hatuhitaji viti 10,000. Tunahitaji sakafu ya zege na paa, ili mvua ya masika isikatize netiboli ya mabinti zetu, na siku nyingine pafanyike harusi, mkutano au tamasha la kwaya.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji tutasimamia mambo matatu:

1. Uwanja uwe mali ya kijiji, si ya chama. Wapo wenzetu wanaotaka bendera yetu ipepee pale. Tunasema hapana. Mtoto wa jirani aliye chama kingine naye anataka kucheza.

2. Kabla ya tofali la kwanza, ijulikane nani atanunua LUKU, nani atashika ufunguo, na ada ya harusi itaingia akaunti ipi.

3. Kila mchango uwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila miezi 3.

Ndugu wanachama, tusipite nyumba kwa nyumba kuahidi uwanja. Fedha bado hazijapatikana. Tuahidi kilicho mikononi mwetu: kufika, kuuliza na kuhesabu.

Mwenye hoja tofauti ailete kwenye kikao cha tawi kabla ya mkutano wa kijiji, ili tukifika pale tuwe na kauli moja.


Katibu wa Tawi