Hakimu Naye Hurudi Nyumbani na Kesi

Msikilizaji, panda matatu ya kutoka Nyeri mjini hadi Mukurweini asubuhi ya siku ya mahakama, utasikia kesi zimekwisha kuamuliwa kabla hakimu hajaketi. Huyu kahongwa. Yule ana shemeji serikalini. Yule wa tatu ni mkali kwa sababu ana matatizo nyumbani kwake. Wawili wa kwanza nawaachia wachunguzi. Huyu wa tatu ndiye ninayemtaka leo, maana naona abiria wamegeuza njia: matatizo hayatoki nyumbani kuingia mahakamani, yanatoka mahakamani kumfuata nyumbani.

Fikiria yanayopita mbele yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na wakili wake, wanagombea shamba la kahawa aliloacha baba. Baada yao anaingia mtoto mdogo aliyenajisiwa. Mtoto anasema kwa Kikuyu, karani anatafsiri, na hakimu anaandika. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inataka ushahidi uandikwe na hakimu mwenyewe, au mbele yake na chini ya usimamizi wake. Wewe na mimi tungeweza kuziba masikio. Yeye anatakiwa kusikia kila neno, kulipima na kuliweka kwenye rekodi, uso wake usionyeshe kitu, kwa sababu akitokwa na chozi wakili wa mshtakiwa atasema ameegemea upande mmoja. Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inamruhusu kumfunga mtu kwa neno la mtoto huyo peke yake, mradi aamini kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu za kuamini. Akikosea huku, anamfunga asiye na hatia. Akikosea kule, anamrudisha mnajisi kijijini.

Na anaamua peke yake. Tunatazama sinema za Marekani tukadhani kila mahakama ina raia 12 wa kushauriana. Kenya ya kikoloni ilikuwa na baraza la aina hiyo, lakini lilikuwa la Mzungu anayeshtakiwa. Mwafrika aliwekewa washauri, nasi hapa Nyeri tuna kumbukumbu yake nzito. Novemba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alishtakiwa hapa kwa kumiliki bastola na risasi, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia. Jaji hakufungwa na maoni yao, lakini ilibidi wayatoe, mmoja baada ya mwingine, wakati wa hali ya hatari, katika nchi ya Kimathi mwenyewe. Tarehe 18 Februari 1957 Kimathi alinyongwa Kamiti. Rekodi ya kesi imehifadhi walichosema washauri wale. Walirudije nyumbani, na waliishije na majirani baada ya hapo, hilo halikuwa jambo la kuandikwa.

Washauri waliondolewa na sheria mwaka 2007. Sililii kuondoka kwao, maana maoni yao jaji aliweza kuyatupa. Lakini tangu hapo jaji wa Nyeri anayesikiliza kesi ya mauaji hana hata mzee mmoja wa kumtazama pembeni.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kesi ya mauaji huenda Mahakama Kuu, ila wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliwapa majaji hiari ya kutoa adhabu nyingine katika mauaji. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji tu. Ni kweli kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Rais Kibaki, jirani yetu wa Othaya, aliwageuzia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Hata hivyo, maneno ya hukumu lazima yatamkwe, na anayeyatamka ni mtu aliyekunywa chai asubuhi kama wewe. Hata katika unajisi miaka imepangwa. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ilimpunguzia mfungwa miaka 20 ikawa 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile 20.

Halafu kuna hofu ya mwili. Tarehe 13 Juni 2024, katika mahakama ya Makadara, Nairobi, hakimu Monica Kivuti alifuta dhamana ya mshtakiwa mmoja. Mume wa mshtakiwa, ambaye alikuwa inspekta mkuu wa polisi, akampiga hakimu risasi papo hapo. Siku mbili baadaye nchi ikatangaziwa kifo cha hakimu huyo. Kikao kile kilikuwa chini ya hema. Hakimu gani wa mashambani hakulitazama lango la mahakama yake upya wiki ile?

Simtetei mla hongo, wala hakimu anayeahirisha kesi ya mirathi mpaka walalamikaji wenyewe wanakuwa marehemu. Wako, nao wafutwe. Lakini hakimu aliyechoka akili huamua vibaya bila kuhongwa na mtu, na anayeumia ni yule yule mwananchi wa matatu. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuangalia ustawi wa mahakimu na majaji. Siku moja ya hotuba haitoshi. Namwomba Jaji Mkuu Martha Koome na Tume ya Huduma za Mahakama: wekeni mshauri nasaha anayefikika katika kila kituo, hata kidogo, na hakimu amwone bila faili lake kuchafuka. Anayesikiliza kesi za watoto mwezi mzima apumzishwe kwa kesi za aina nyingine. Na bunge lisikate bajeti ya mahakama kisha lidai ukuta, lango na askari.

Nawe msikilizaji, hukumu ikikuuma, usimvizie hakimu njiani. Una siku 14 za kukata rufaa katika kesi ya jinai, na 30 katika kesi ya madai. Mahakama Kuu iko Nyeri mjini.