Tumhoji Shahidi Kabla ya Kuhukumu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Mara ya mwisho niliposimama kusema katika bwalo hili ilikuwa mwaka 1995, nikieleza kwa nini bweni letu lilikutwa halijafagiliwa. Natumaini leo nitaaminiwa zaidi.

Katika ajenda yetu limo pendekezo la kufunga kundi letu la WhatsApp. Barua tuliyoletewa inasema kwamba mahudhurio ya mkutano huu yanapungua, kwamba michango ya tangi la maji la shule inasuasua, na kwamba chanzo ni intaneti, kwa kuwa utafiti umeonyesha kwamba intaneti huwatenga watu na jamii yao. Sikusimama hapa kulitetea kundi hilo. Nimesimama kwa ajili ya maneno mawili tu, "utafiti umeonyesha", kwa sababu maneno hayo yamewahi kunitia aibu.

Mwaka 2006, nikiwa ofisa kijana katika ofisi moja ya serikali, niliagizwa kutoa maoni juu ya ombi la kuweka kompyuta chache zenye intaneti katika maktaba ya kata moja. Nikaandika kwa kujiamini kwamba utafiti umeonyesha kuwa intaneti huleta upweke na kuwaondoa vijana katika shughuli za jamii. Utafiti wenyewe nilikuwa sijausoma. Nilikuwa nimesoma muhtasari wa nusu ukurasa gazetini. Wakubwa wangu waliniamini, kwa kuwa nilikuwa msomi wa Chuo Kikuu, na ombi lile likawekwa kando. Vijana wa kata ile hawakujua aliyewanyima ni nani. Ni mimi.

Baadaye niliutafuta utafiti ule na kuusoma. Ulifanywa katika mji wa Pittsburgh, Marekani, na Robert Kraut na wenzake, ukachapishwa mwaka 1998. Walichukua familia 93, wakazipa kompyuta na intaneti bure, kisha wakafuatilia hali ya watu 169 katika mwaka wao wa kwanza au wa pili wa kutumia intaneti. Wakaona kwamba waliotumia intaneti zaidi walizungumza kidogo zaidi na watu wa nyumbani mwao, idadi ya rafiki zao ikapungua, na upweke ukaongezeka kidogo. Gazeti kubwa la New York likaiweka habari hiyo ukurasa wa mbele, na dunia nzima ikaipokea.

Sasa, wadogo zangu, shikeni kalamu. Utafiti ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Swali la kwanza: walipimwa akina nani? Familia zile hazikuokotwa ovyo. Nyingine zilikuwa za wanafunzi wa sekondari walioandika magazeti ya shule, na nyingine za wajumbe wa kamati za maendeleo ya mitaa yao. Yaani walikuwa watu waliokwisha kuzama katika shughuli za jamii. Mtu ukimpima akiwa kileleni, hatua yake ifuatayo huenda ikawa ya kushuka, awe na kompyuta au asiwe nayo. Na kijana wa sekondari hukua, akamaliza shule, akaachana na rafiki zake. Sisi sote humu tunalijua hilo.

Swali la pili: walilinganishwa na nani? Hapakuwa na familia nyingine za kando, zisizopewa kompyuta, ambazo zingetuonyesha hali ingekuwaje bila intaneti.

Swali la tatu: je, yupo aliyerudi kutazama tena? Yupo, na hili ndilo lililonichoma. Watafiti wale wale walirudi. Mwaka 2002 walichapisha matokeo mapya kwamba, kwa watu 208 wa kundi lile la mwanzo, madhara yale yalikuwa yamefifia. Wakapima pia watu wengine 406, na kwa jumla wakaona faida. Lakini faida haikuwa sawa kwa wote: wachangamfu, wapenda watu, walinufaika zaidi, wakimya na wapweke hali yao ilielekea kuwa mbaya. Mwenye nacho aliongezewa. Marekebisho hayo yalikuwa yamechapishwa miaka 4 kabla sijashika kalamu yangu ile ya kuwanyima vijana. Hayakupewa ukurasa wa mbele, nami sikuyatafuta. Wahenga walisema, msema pweke hakosi.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema tafiti zote ni uongo. Waliosahihisha kosa si wabishi wa barazani. Ni watafiti, kwa kupima tena. Tena tusipokee kwa pupa utafiti unaotupendeza. Upo mmoja wa Keith Hampton na Barry Wellman, waliochunguza mtaa mpya wa nyumba 109 karibu na Toronto, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakazi waliounganishwa na mtandao wa mtaa waliwajua kwa majina majirani wapatao 25 kwa wastani. Wasiounganishwa, 8 tu. Mtu anaweza kusimama hapa na kusema, basi intaneti inajenga ujirani! Naye tumhoji. Mtaa ule ulikuwa mpya, kila mtu mgeni anayetafuta wa kumsalimu, na walikuwa na orodha ya barua-pepe ya majirani wenyewe kwa wenyewe. Mtandao wa kumwita jirani si sawa na mtandao wa kutazama mpira wa Ulaya usiku kucha.

Ndugu zangu, turudi kwetu. Alipofariki mwenzetu wa darasa letu, habari ilipita katika kundi letu jioni, na kesho yake wengi wetu tulikuwa njiani kwenda kumzika. Kabla ya kundi hilo tungepata habari baada ya arobaini. Lakini yupo mwenzetu mwingine, mwenye simu ndogo ya vitufe, aliyeugua miaka miwili bila hata mmoja wetu kumjulia hali. Hakuwemo katika kundi, basi kwetu akawa kama hayupo. Kundi lile lile lilituunganisha na lilimtupa mwenzetu. Utafiti wa Pittsburgh hauwezi kutuamulia jambo hili, wala wa Toronto.

Hivyo basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba tusipige kura leo. Katibu ana daftari la mahudhurio na la michango. Tuhesabu miaka ya kabla ya kundi na miaka ya baada yake. Tuwaulize waliokoma kuja ni kwa nini; huenda ni nauli, huenda ni umri, huenda ni sisi wenyewe. Na kila darasa litafute wenzao wasiomo katika kundi, liwapigie simu, au liwatembelee. Nawaomba wanafunzi wa kidato cha nne watusaidie kuhesabu, wajifunze kazi hiyo mapema kuliko mimi. Mwakani tukutane hapa na hesabu zetu, ndipo tuamue.

Mimi nimeanza. Juzi nilikwenda kumwona yule ndugu yetu mgonjwa. Aliniuliza swali moja tu: "Siku hizi mnakutania wapi?"