Kuchagua Shule Si Kujaza Fomu Tu: Maneno kwa Mzazi wa Gredi ya 9



Haya niliyazungumza na wazazi hapa Majengo, Nyeri. Wengi hamkuweza kufika, ndio nikayaandika.

Mama yangu, baba yangu, nianze na nililoliona kwa macho yangu. Januari 2026 nilimsindikiza mama mmoja kumpeleka binti yake Gredi ya 10. Sanduku jipya, godoro, ndoo, karo imeshalipwa benki. Shule sitaitaja. Langoni tukaambiwa avue hijabu ndio aingie, la sivyo turudi naye. Mama akaniangalia mimi, maana mimi ndiye ninayejidai najua sheria. Lakini mkononi sikuwa na karatasi hata moja. Wao walikuwa nayo: kanuni za shule, na chini yake saini ya mama yule, aliyotia bila kusoma. Tulirudi nyumbani. Binti alikaa wiki mbili bila masomo, hadi akapata nafasi shule ya kutwa.

Sasa jiulize, ile shule ya kwanza aliichagua nani? Sisi wenyewe.

Kundi la kwanza la CBE lilifanya KJSEA mwaka 2025. Kila mwanafunzi alichagua njia moja kati ya tatu: STEM, Sayansi za Jamii, ama Sanaa na Michezo. Halafu akachagua shule 12, yaani 9 za bweni na 3 za kutwa. Baba zetu hawakuwahi kupewa uhuru kama huo. Lakini fomu haikuulizi kama binti yako ataruhusiwa kujistiri, wala kama kijana wako atapata ruhusa ya Ijumaa. Na tena, IRE si somo la lazima sekondari ya juu. Ni la kuchagua, ndani ya Sayansi za Jamii. Shule isipokuwa na mwalimu wa IRE, uhuru wa kulichagua umeishia kwenye karatasi.

Kwetu hapa Mlima Kenya jambo hili ni zito, kwa sababu shule nyingi zilianzishwa na makanisa. Wakonsolata walifika mwaka 1902, Waskoti wakajenga Tumutumu. Tuseme ukweli: walijenga, na watoto wetu wamesoma humo. Tunashukuru. Lakini shule ya umma walimu wake wanalipwa na TSC, kwa kodi yako na yangu. Kanisa hapo ni mfadhili, na mfadhili ana sheria inayomwongoza.

Shika vifungu hivi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza shule kumbagua mtoto katika usajili kwa sababu ya dini. Kifungu cha 27 kinampa mfadhili kazi ya kukuza mambo ya kiroho, huku akilinda imani ya wengine. Na Katiba, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume nayo.

Utaambiwa langoni, "Mahakama ya Juu ilishakataza hijabu." Si kweli. Kesi ilitoka Isiolo, katika shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya hapa hapa Nyeri ikageuza uamuzi huo, ikasema kuwakataza wasichana Waislamu hijabu ni ubaguzi, hata kama kanuni inaonekana ni moja kwa wote. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu ya Nyeri. Kwa nini? Kwa sababu mzazi alileta madai yake ndani ya kesi ya kanisa, na mahakama ikaona hiyo si njia sahihi. Ikasema anayetaka swala hili liamuliwe alianzishe upya Mahakama Kuu. Kwa hivyo pale juu hatukupata ushindi, lakini hijabu haikukatazwa.

Na majirani zetu Wakikuyu wasituone wageni katika hili. Mwaka 1929 misheni ziliweka masharti juu ya mila, na wazazi wengi wakatoa watoto wao wakajenga shule zao za kujitegemea. Mila iliyogombaniwa ilikuwa tohara ya wasichana, na hiyo sisi hatuitetei. Lakini uchungu wa kuambiwa "acha ulivyo ndio usome", wazee wa hapa wanaujua.

Hata Marekani wamepita hapo. Mji wa Milwaukee ulianza mwaka 1990 kuwalipia watoto wa familia maskini shule za binafsi kwa pesa za umma. Shule za dini zilipoingizwa mwaka 1995, sheria iliwapa wazazi haki ya kuandika barua ili mtoto asishurutishwe kushiriki ibada. Barua tu! Lakini barua ni ushahidi.

Basi fanya hivi. Kwanza, kabla ya kujaza fomu, iandikie kila shule unayoifikiria. Uliza mambo matatu: mavazi, swala na IRE. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri urudi nayo. Wakikujibu kwa mdomo, omba maandishi kwa adabu. Pili, usitie saini kanuni usizozisoma. Kama kuna usiloliafiki, andika hapo hapo. Tatu, na hili ndilo kubwa, gombea bodi. Kifungu cha 56 kinawapa wazazi viti 6 kwenye bodi ya shule, na mfadhili viti 3. Sita kwa tatu! Sisi siku ya mkutano wa wazazi tuko dukani, halafu kanuni zikipitishwa tunalia langoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo, wa kwanza kuugonga ni mtoto wa miaka 15 aliyebeba sanduku lake.

Kama hujui kuandika barua, njoo. Tutaandika pamoja, hata kwa kalamu, hata kwa Kiswahili. Kuja hapa ni rahisi kuliko kurudi na mtoto kutoka langoni. Yule mama atakuambia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.