Siri ya Mwananchi Ni Amana

Serikali inayotaka kuwahudumia watu wake haina budi kuwajua. Lakini kumjua mtu ni jambo moja, na kuitunza siri yake ni jambo jingine. Hilo ndilo funzo linalotoka katika nchi jirani ya Kenya.

Mwaka 2019 Serikali ya Kenya iliandikisha zaidi ya watu milioni 36 katika mpango wa Huduma Namba. Walichukuliwa alama za vidole, picha za uso na habari zao binafsi. Uandikishaji ulimalizika mwezi Mei. Sheria ya Kulinda Data ikapatikana Novemba. Ghala lilijazwa kabla mlango haujatiwa kitasa.

Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukua vinasaba, ikaagiza mpango usiendelee bila kanuni kamili. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa Serikali haikupima kwanza madhara yanayoweza kuwapata wananchi. Hoja kwamba habari zilikusanywa kabla ya sheria kuwapo haikuwaokoa wakubwa.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume ya kuisimamia. Lakini sheria hulindwa na watu. Karani anayefungua jalada la mwenzake hana budi kutambua kwamba ameshika amana, wala si mali ya ofisi. Kitambulisho kikipotea hutolewa kingine. Alama ya kidole ikiibwa, mwenyewe hapewi kidole kipya.